Digrii Mia Mbili Hamsini na Tatu

Pale kazini tunamwita Nukta, na jina hilo nilimpa mimi. Mwaka wake wa kwanza alihangaika siku mbili nzima na programu iliyogoma, kumbe kosa lilikuwa nukta-mkato moja ambayo mtu mwingine aliisahau. Alipoipata hakushangilia. Alimfuata huyo mtu hadi alipokuwa anakunywa chai, akamsomea risala mbele ya watu, chai ikapoa. Ni mwanamke mwembamba, anavaa sweta hata jua likiwa la utosini, na akikasirika hapandishi sauti. Anaishusha, mpaka inabidi umsogelee ili akuseme vizuri.

Mimi ni fundi wa bodi, vile vibao vya saketi vya ndani ya mashine. Nakaa chumba cha nyuma chenye harufu ya risasi iliyoyeyuka, naunganisha vipimajoto ambavyo kampuni yetu huviuza kwa zahanati. Ni kisanduku cha ukubwa wa tofali dogo. Hufungwa kwenye mlango wa friji ya chanjo, na waya wake mmoja huingia ndani. Kina kioo cha kuonyesha digrii, kina king'ora, na kina kumbukumbu ambayo mkaguzi anaweza kuisoma hata baada ya miezi. Chanjo haitaki joto, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba chanjo nyingi hazivumilii kuganda pia. Ikiganda mara moja, hata ukiiyeyusha kwa upole namna gani, umebaki na maji ya kumchoma mtoto bure. Naeleza mapema kwa sababu kila nikianza kisa hiki hakosekani wa kunikatiza kuuliza friji ikiganda kuna ubaya gani.

Sasa, Nukta ana dada, na dada yake ni nesi. Ni ndugu wa tumbo moja, Dada kamzidi miaka kumi na miwili, na kwa kweli ndiye aliyemlea, maana mama yao alikuwa mtu wa kuugua. Vikao vya wazazi shuleni alikwenda yeye, na sare yake ya chuo cha uuguzi, akikaa katikati ya akina mama wa watu kama na yeye ana mtoto. Zahanati anayofanyia kazi ina vyumba vitatu, benchi refu la nje, na friji moja ya chanjo iliyoajiriwa kabla ya wote waliomo. Kipimajoto chake ni cha kwetu. Nukta mwenyewe alikwenda kukifunga, na siku hiyo Dada alitoka nje akawaambia wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi waje wamwone mdogo wake.

Kila asubuhi na kila jioni Dada husoma kioo na kuandika namba kwenye daftari. Alifundishwa chuoni kwamba nesi huandika anachokiona, si anachokitarajia. Wengine walifundishwa hivyo hivyo, wakafaulu mtihani, wakasahau. Dada hakusahau, na hapo ndipo balaa lilipomkuta.

Simu ya kwanza ilikuja wakati wa chai. Nukta alikuwa na mkate mkononi, akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu, nikasikia yote.

"Mdogo wangu, hiki kidude chenu leo asubuhi kinaniambia mia mbili hamsini na tatu."

"Mia mbili hamsini na tatu nini, Dada?"

"Digrii. Na miwani nimevaa, usije ukaniuliza."

Nukta alicheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kujitoa. Aligeukia kompyuta yake, akaiendesha programu ya kipimajoto pale pale mezani, akailisha namba za kuigiza: tano, mbili, sifuri, hasi tatu, hasi kumi. Zote zilitoka kama zilivyoingia.

"Dada, kwangu kinafanya kazi vizuri kabisa. Kizime, hesabu mpaka kumi, halafu kiwashe."

Dada alikizima, akahesabu kwa sauti tukimsikia, akakiwasha. "Sasa kinasema moja."

"Umeona?"

Kwa kweli kilirudi sawa. Jua lilikuwa limeshapanda, mlango umefunguliwa mara tatu, na friji yenyewe ilikuwa imeshapanda juu ya sifuri. Hilo hatukulijua, na hatukujisumbua kulijua.

Simu ya pili ilikuja wiki mbili baadaye. Safari hii kioo kilisema mia mbili hamsini na mbili. Nukta alikuwa na kazi ya mteja mwingine shingoni, akasema, "Dada, nitakuja kukiangalia mwenyewe." Hakwenda. Alikuwa na nia, lakini nia haishiki bisibisi.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja Dada alichukua kichupa cha chanjo, akakitikisa, akakiweka dhidi ya mwanga wa dirisha, akaona vipande vidogo vinaelea mle ndani visivyotaka kuchanganyika. Hiyo ni dalili ya iliyoganda. Akakitikisa cha pili, cha tatu, sanduku zima. Nje kulikuwa na akina mama wapatao arobaini na watoto wao. Alitoka, akawaomba radhi, akawaambia warudi wiki ijayo, akatukanwa na watatu. Kisha akaingia ndani akaandika taarifa kwenda idarani kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kunyamaza akawachoma tu watoto zile chanjo, wala hakuna mtoto ambaye angelia tofauti.

Wakaguzi walikuja. Walisoma kumbukumbu ya kipimajoto chetu, miezi mitatu yote, na kumbukumbu ikasema friji haijawahi kushuka chini ya sifuri hata dakika moja. King'ora hakikulia. Kulikuwa na nyakati ilikaa kwenye sifuri kamili kwa saa nne au tano, mstari ulionyooka, lakini sifuri haigandishi chanjo. Basi wakasema, kama friji haikugandisha, aliyegandisha ni mtu. Nesi aliziweka kwenye chumba cha barafu cha juu ya friji kwa uzembe, akazitoa baadaye kimya kimya. Wakafungua daftari wakitafuta ushahidi, wakakuta 253, wakaangua kicheko. Mmoja wao alisema friji ya digrii hizo ni jiko, tungeoka mikate. Dada alisimamishwa kazi kwa barua yenye mihuri miwili. Mashtaka: uzembe, na kughushi daftari. Kamati ya nidhamu ingekaa baada ya siku kumi, na akishindwa, miaka ishirini na sita ya kazi inaishia hapo.

Nataka niseme kitu ambacho Nukta hapendi nikiseme. Hakumwamini dada yake. Alikuja chumba cha nyuma, akakaa kwenye stuli yangu, akaniambia, "Fundi, nimeisoma kumbukumbu mwenyewe, mstari kwa mstari. Dada amechoka siku hizi. Wako wawili tu pale, wagonjwa mia. Huenda aliziweka juu akasahau."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Akasemaje?"

"Aliniangalia tu, akaenda kuanua nguo."

Alikasirika, lakini kwa namna ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Mama yao alikuwa anampigia simu kila siku, anamwambia, "Wewe ndiye unayejua hivyo vitu, nenda kaseme," na yeye anajibu, "Mama, nikaseme nini? Mashine imeandika ilivyoandika." Mimi nilimsikiliza siku tatu, ya nne uvumilivu ukaniishia.

"Wewe," nikamwambia, "nesi anayetaka kudanganya kuhusu friji huandika ngapi?"

"Nne. Tano."

"Basi nani mwenye akili timamu atadanganya kwa mia mbili hamsini na tatu?"

Akashusha sauti, nikajua nimemgusa. "Nataka hilo daftari," akasema.

Daftari lilikuwa idarani, lakini Dada, ambaye huandika kila kitu mara mbili, alikuwa na nakala. Ililetwa mchana ule ule ndani ya mfuko wa nailoni. Nukta aliifungua mezani kwangu kati ya nyaya. Siku mbaya zilikuwa nne. Safu ya asubuhi ya siku ya kwanza, ambayo Dada aliisoma kila baada ya muda kwa sababu ya wasiwasi, ilikwenda hivi: 253, 253, 254, 255, kisha 0, kisha 1.

Nukta aliweka kidole kwenye 255 akakiacha hapo muda mrefu. "Fundi, mia mbili hamsini na sita, toa mia mbili hamsini na tatu."

"Tatu."

"Hasi tatu," akasema. "Friji ilikuwa hasi tatu. Halafu hasi mbili, hasi moja, sifuri, moja. Inapanda ngazi vizuri kabisa. Dada ameandika ukweli mtupu na sisi tumekaa hapa tunacheka."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Ndiyo kwanza yalianza. Alirudi mezani kwake akailisha programu hasi tatu, na programu ikasema hasi tatu. Akairudia kwa njia kumi tofauti. Hasi tatu, hasi tatu, hasi tatu. Kutwa nzima aligombana na ile kompyuta, na kesho yake vile vile, na kila ilipojibu sahihi alizidi kuichukia. Kosa linaloonekana unaweza kulishika shingo. Hili lilikuwa linakuja zahanati na kukataa kuja ofisini. Jioni ya siku ya pili alikuja kwangu akiwa amevua sweta, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

"Fundi. Bodi zako unazipimaje kabla hazijatoka?"

"Kwa barafu," nikasema. Na ndivyo tulivyofanya miaka yote: kikombe cha maji na barafu, natumbukiza waya, nasubiri, kioo kinasema sifuri au moja, natia sahihi *imepita*. Ni desturi ya chumba changu, nami nimewafundisha wengine.

"Maji yenye barafu yana digrii ngapi?"

"Yana baridi ya—"

"Sikukuuliza baridi. Nimekuuliza digrii."

"Sifuri."

"Na chini ya sifuri umewahi kupima?"

Jibu lilikuwa hapana. Programu aliipima yeye mezani kwake, hadi hasi kumi. Bodi nilizipima mimi chumbani kwangu, hadi sifuri. Miaka miwili hakuna aliyepima programu juu ya bodi chini ya sifuri, na kila mmoja wetu alikuwa na karatasi iliyosainiwa kwamba amepima.

Nilikwenda jikoni kwa mpishi wa ofisi nikaomba chumvi. Ukitia chumvi kwenye barafu, joto lake linashuka chini ya sifuri, hilo nalijua tangu utotoni. Nilikoroga, nikatumbukiza waya wa bodi mpya kabisa. Kioo kilisema mbili. Moja. Sifuri. Tukasimama tukikitazama kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Kikasema 255. Kikasema 254. Kikaendelea hadi 250, kikatulia hapo, na king'ora kimya. Kumbukumbu tulipoifungua ilikuwa imeandika sifuri, sifuri, sifuri.

Nukta alikaa chini. Alisema neno ambalo Dada angemfinya kwa kulisema.

Nitaeleza kilichotokea kama nilivyoelezwa, na nilielezwa kwa hasira. Programu ya kipimajoto ina sehemu mbili. Ya chini, inayozungumza na waya, iliandikwa zamani kwa lugha ya C na mzee aliyekwisha kustaafu. Ya juu, yenye kioo, kumbukumbu na king'ora, Nukta aliiandika upya kwa lugha mpya iitwayo Rust. Namba ya digrii hupita kutoka chini kwenda juu ndani ya kijisanduku chenye nafasi 256 tu. Sasa, nafasi hizo zinaanzia wapi? Mkikubaliana kwamba nusu yake ziko chini ya sifuri, mtaweza kupeana hasi tatu. Mkikubaliana kwamba zote zinaanza sifuri kwenda juu, basi ukirudi hatua moja nyuma ya sifuri unazungukia kwenye 255, hatua mbili 254, hatua tatu 253. Kilichomo kisandukuni ni kile kile, usomaji ndio unaotofautiana.

Mzee wa C alitumia aina ya namba iitwayo char. Na sheria za C, sijui walikuwa wanawaza nini, hazisemi kama char ina hasi au haina. Zimewaachia watengenezaji wa kila mashine waamue wenyewe. Kwenye kompyuta za mezani kwetu waliamua inayo. Kwenye kichakataji kidogo cha bodi zangu waliamua haina. Nukta naye, alipofika mpakani upande wa Rust, aliandika: pokea char, vyovyote char ilivyo kwenye mashine hii. Ilikuwa adabu njema. Matokeo yake lugha zote mbili ziliafikiana kila mahali bila onyo hata moja, mezani zikiafikiana kwenye ukweli, kwenye bodi zikiafikiana kwenye upuuzi.

Na kichujio kikamalizia. Zamani nyaya zilikuwa zinalegea, kioo kinaruka hadi digrii tisini, king'ora kinalia hovyo, manesi wanalalamika. Bosi akaagiza: kioo kiachwe kama kilivyo, lakini namba yoyote inayozidi sitini isifike kwenye king'ora, na kumbukumbu irudie namba ya mwisho iliyokuwa na akili. Basi friji ilipozama chini ya sifuri, 253 ilitupwa, na kumbukumbu ikaandika sifuri usiku kucha kwa mwandiko mzuri.

Dawa yake ilikuwa kutaja wazi pande zote mbili: biti nane, yaani zile nafasi 256, zenye hasi. Mstari mmoja kwenye C, mmoja kwenye Rust. Nukta aliirekebisha kwa dakika tano. Kisha akafungua historia ya faili, ambayo huonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Mstari wa mpakani ulikuwa na jina lake. Na chini ya jina, maelezo mafupi aliyoyaandika mwenyewe siku ile: *imepimwa, inafanya kazi*.

Tulimwendea Bosi kesho yake asubuhi. Bosi wetu si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa barua. Alisikiliza hadi mwisho akizungusha kalamu.

"Mmerekebisha?"

"Tumerekebisha," Nukta akasema.

"Vizuri. Tutazungukia zahanati zote sitini, tutaweka programu mpya, tutaiita toleo jipya. Kimya kimya."

"Na dada yangu?"

"Dada yako ni suala la idara yao."

"Amesimamishwa kwa ushahidi wa mashine yetu, Bosi."

"Tunaweza kuandika kwamba huenda waya ulilegea."

"Waya haukulegea."

Sauti yake ilikuwa imeshuka sana, Bosi akainama mbele ili asikie, na nikaona anajuta kuinama. "Ukienda kwenye kamati," akasema, "unakwenda kama ndugu wa mtuhumiwa. Huendi kwa niaba ya kampuni."

"Basi niandikie likizo ya siku moja."

Akageuka kunitazama mimi. Nikasema, "Niandikie na mimi."

Kamati ilikaa chumba cha juu chenye feni moja. Walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye tai, mama mmoja wa idara ya dawa, na karani wa kuandika. Dada alikaa kwenye kiti peke yake, amevaa nguo za nyumbani, mikono mapajani. Ukubwa wa mwili wake ni mara mbili ya mdogo wake, na siku ile alionekana mdogo. Nukta alimsalimu, "Shikamoo, Dada." Dada akajibu, "Marahaba," kama anavyomjibu mgonjwa asiyemjua.

Nukta alieleza. Alieleza sanduku, nafasi 256, lugha mbili. Mwenyekiti alimsikiliza huku anakunja uso.

"Kwa hiyo kompyuta haijui kutoa?"

"Inajua. Zimetofautiana kuhusu maana ya namba."

"Mbona hamkutumia lugha moja?"

"Mheshimiwa, hata kwa lugha moja mashine mbili zingetofautiana."

"Binti yangu, mbili ni mbili. Hasi tatu ni hasi tatu. Hesabu ni moja dunia nzima."

Nukta alianza upya, kutoka mwanzo, kwa mifano mingine. Akachora. Karani aliacha kuandika. Mama wa dawa alitazama saa. Mara ya tatu mwenyekiti alisema, "Kumbukumbu yenu ninyi wenyewe inasema haikuganda, sasa mnakuja kusema kumbukumbu yenu ni ya uongo. Kesho mtasema nini?" Na ukweli ni kwamba hilo lilikuwa swali zuri.

Hapo niliinuka bila kuitwa. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai yenye barafu ndani, na chumvi kwenye karatasi. Nikawaomba kile kipimajoto chenyewe cha zahanati, walichokichukua kama kielelezo, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekigusa. Mwenyekiti alisita, mama wa dawa akasema, "Mpe tu." Nilikiwasha, nikaweka waya kwenye barafu. Karani aliombwa asome kioo kwa sauti. Akasoma: "Tano. Tatu. Moja. Sifuri." Nikatia chumvi, nikakoroga. "Sifuri. Sifuri. Mia mbili hamsini na tano." Akasogea karibu. "Mia mbili hamsini na nne. Mia mbili hamsini na tatu."

Mama wa dawa alilivuta daftari la Dada kutoka kwenye faili, akafungua, akafuata safu kwa kidole. Nukta akafungua kumbukumbu ya kifaa mbele yao. Ilikuwa inaandika sifuri wakati ule ule chupa ilipokuwa inagandisha kidole changu.

"Nani aliandika sehemu hii?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," Nukta akasema. "Na niliipima, nikasaini."

"Na bodi nilipima mimi," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Walitutoa nje nusu saa. Walipotuita, mwenyekiti alisoma kwamba mashtaka yote mawili yamefutwa, nesi arudi kazini kuanzia siku ile, na kwamba kampuni yetu itaandikiwa barua. Mama wa dawa alimwambia Dada pole. Mwenyekiti hakusema pole, alisema, "Daftari lako limekusaidia," kisha akafunga faili.

Tulitoka barazani. Nukta alimshika dada yake mkono. "Dada, tumeshinda," akasema. "Wiki nzima sijalala. Nilijua nikiipata tu, umepona."

Dada hakuuondoa mkono. "Asante, mdogo wangu. Umesema ukweli mbele ya watu, na umejichoma mwenyewe. Hilo nimeliona."

"Ilikuwa lazima."

"Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinikasirikie." Alisema polepole. "Nilikwambia mara mbili kwa simu. Ukaiuliza mashine, ikakataa, ukaniambia nizime niwashe. Nikasimamishwa, ukaja nyumbani kuniuliza kama nilizigandisha mimi. Sasa umeiuliza mashine tena, na safari hii imekubali, umekuja. Kama usingeipata hiyo namba, ungekuja leo?"

Nukta alifungua mdomo. Mimi namjua, ana jibu la kila kitu, hata la yasiyomhusu. Nilingoja aseme ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na hata kama lingekuwa la uongo nadhani Dada angelipokea.

Hakusema. Dada alisubiri kiasi cha mtu kusubiri, kisha akamrekebishia kola ya sweta iliyokuwa imekunjika nyuma, akachukua mkoba wake, akasema ilikuwa siku ya chanjo na yule mwenzake yuko peke yake na akina mama.